Je, Kinjeketile Alijifanya?

Swali hili nililiandika ubaoni mwaka 1993, katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na Maganzo, mbele ya wanafunzi arobaini na wawili wa kidato cha nne waliokuwa na nakala sita tu za tamthilia ya Ebrahim Hussein. Sikuliandika kwa ajili ya mtihani. Katika mitihani tuliyoizoea tulitakiwa kutaja dhamira, migogoro, ujumbe na matumizi ya lugha, na kwa njia hiyo Kinjeketile alikuwa amekwisha kutafunwa kabla hajafika darasani: maji ni itikadi, itikadi imeleta umoja, umoja bila silaha haukutosha, basi. Mwanafunzi aliyekariri hayo alipata alama zake akaenda zake. Mimi nililiandika kwa sababu nyumbani kwetu alikuwako mtu ambaye kwa miaka minne nilikuwa nimesema juu yake, mbele ya majirani na mbele ya mama yetu mzazi, kwamba anajifanya.

Nitamfikia huyo. Kwanza tamthilia yenyewe, maana huenda msomaji aliisoma zamani na imemtoka.

Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969. Inahusu mwanzo wa Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907 dhidi ya Wajerumani. Mtu wa historia, Kinjikitile Ngwale, aliishi Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Wazee waliohojiwa na Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 walisimulia kwamba alishikwa na pepo asubuhi moja, akaenda kwa tumbo mikono ikiwa mbele, akatumbukia katika maji akatoweka. Jamaa zake wakalala ukingoni wakimngoja, na kesho yake akatoka mzima, nguo zake zikiwa kavu. Hussein aliyachukua masimulizi ya namna hii akayatia jukwaani, ila alionya kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni na asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Onyo hilo ni muhimu. Swali langu halihusu marehemu wa Mohoro, ambaye hatuna haki ya kumpima akili. Linahusu mtu wa kwenye karatasi, aliyetengenezwa na mwandishi kwa makusudi.

Katika tamthilia tunaambiwa mapema kwamba Kinjeketile amejifungia ndani, hazungumzi na watu, na mkewe hajui la kufanya. Kisha anaingia mtoni. Watu wanamtafuta hawampati. Anatoka kesho yake akiwa mkavu, anasema kwa kinywa cha Hongo, anawapa watu maji, anawaambia kuwa risasi haitawadhuru. Sasa, alipagawa kweli au alipanga?

Darasa liligawanyika mara moja. Kijana mmoja wa pale pale Maganzo alisimama kabla sijamaliza kuisoma sentensi. Ili umwelewe kijana huyu lazima uijue Maganzo. Ni mji mdogo ulioko kwenye barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, na karibu yake uko mgodi wa Mwadui, ambako John Williamson alipata almasi mwaka 1940. Watu wamejenga maisha yao kuuzunguka mgodi huo: wachimbaji wadogo na machekeche yao, mabroka, wapika chakula, na wabeshi, yaani wale waingiao usiku mahali wasiporuhusiwa. Mtoto wa Maganzo hujifunza kusoma uso wa mtu kabla hajajifunza kusoma herufi. Kijana akasema: “Mwalimu, hapa kwetu mtu akitokea mahali asipotakiwa kuwa, akiwa mkavu na mtulivu, ujue ana kitu mdomoni.” Darasa likacheka sana. Akaendelea kueleza kwamba mtoni kuna matete, kwamba mtu anaweza kutokea upande wa pili akalala kwa rafiki, akabadili nguo, akarudi alfajiri. Alikuwa amelitatua kama anavyolitatua askari wa lindo.

Nilimsifu, kwa maana nami niliamini hivyo hivyo. Nikaona ni mahali pazuri pa kuwaeleza habari za Hamlet, ambaye hawakuwa wamemsoma. Kujifanya mwendawazimu ni silaha ya zamani. Daudi aliitumia mbele ya Akishi, mfalme wa Gathi. Katika hadithi ya kale ya Denmark, iliyoandikwa na Saxo Grammaticus karibu na mwaka 1200, kijana Amleth anajifanya zuzu ili ami yake aliyemuua baba yake asimuue na yeye. Shakespeare aliikuta hadithi hiyo ikiwa rahisi namna hiyo, akaivuruga. Hamlet wake anamwambia rafiki yake Horatio mapema kwamba huenda akajitia uwendawazimu, na kwa hiyo tunadhani tumepata ufunguo. Lakini baadaye anamuona marehemu baba yake chumbani kwa mama, na mama haoni kitu, ilhali mwanzoni mzuka ule ule ulionwa hata na walinzi. Karibu na mwisho anamwomba radhi Laertes, akisema makosa yake yaliletwa na uwendawazimu. Je, huo nao ni uongo? Watu wamebishana kwa karne nne. Kinachonivutia mimi siku hizi ni wapimaji. Kila mtu pale ikulu anampima Hamlet: mzee Polonius anamtega kwa kumtumia binti yake mwenyewe, huku yeye na mfalme wamejificha wakisikiliza, marafiki wa utotoni wanaitwa kuja kumchunguza. Hakuna hata mmoja anayepata jibu, na wengi wao wanakufa wakiwa bado kazini.

Siku ile darasani sikuyasema haya ya wapimaji. Sikuwa nimeyaona.

Ndipo akasimama msichana mmoja mkimya wa dawati la nyuma, akauliza: “Kama alipanga, kwa nini aliwaambia habari za Seyyid Said?”

Msomaji anayekumbuka tamthilia ataona uzito wa swali hilo. Katika utabiri wake Kinjeketile anawaambia watu kwamba wakishamshinda Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watakuwa chini ya Sultani wa Unguja. Baadaye, akiwa mtulivu, anaposimuliwa maneno yaliyotoka kinywani mwake, anashtuka. Hayakumbuki. Anaona mara moja kwamba ni kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine, na anashuku kuwa Hongo amemchezea. “Mwongo,” alisema yule msichana, “hujisemea maneno ya kumfaa. Haya hayamfai. Yanamharibia.” Kisha akakaa, kama mtu aliyetua mtungi.

Sikumjibu. Nilitazama saa, nikasema tutaendelea Alhamisi.

Sasa nimfikie kaka yangu. Alikuwa mkubwa wetu, aliyeacha shule darasa la saba ili mimi niendelee. Mwaka 1989 alikuwa akichimba almasi na wenzake wanne chini ya tajiri mmoja, ambaye aliwalisha kwa miezi saba wakisubiri jiwe. Usiku mmoja wa mvua za Desemba alirudi nyumbani kwa miguu, shati likiwa nje-ndani, akizungumza na kokoto alizokuwa amezishika. Hakulala siku tatu. Siku ya nne walikuja vijana wa tajiri: jiwe lilikuwa limeonekana shimoni na halikufikishwa. Basi Maganzo nzima ikajua, au ikadhani inajua. Wakauita ugonjwa wake “kichaa cha mawe”, na watoto wakamfuata sokoni wakimwuliza bei ya kokoto.

Mimi nilikuwa mwalimu, mtu wa ushahidi. Nilimpima. Nilimpa noti ya shilingi mia, akaipokea, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia yake. Nikamwendea mama nikamwambia: “Mama, umeona? Kichaa gani anayekunja noti mara nne?” Mama alikuwa akimenya viazi vya michembe, hakuinua kichwa. Yeye swali langu hakulijali hata kidogo. Alikwisha kumwita mfumu, ambaye alisema ni masamva ya upande wa babu yetu mzaa mama aliyekuwa mganga, na kwamba kijana anaitwa. Mama hakuuliza kama mwanawe anajifanya. Aliuliza ni nani anayemwita na anataka nini. Niliona ni ushamba. Majirani wengine walishauri apelekwe Mirembe, Dodoma. Nikasema siwezi kuharibu nauli kwa ajili ya mwigizaji.

Na alikuwa na siku zake nzuri. Siku hizo alioga, akafagia uwanja, akawaamkia wazee “mwangaluka” kwa heshima zote, akakaa kwenye benchi la ukutani akazungumza habari za mvua na bei ya pamba. Kwangu siku hizo ndizo zilizokuwa ushahidi mkubwa kuliko ile noti. Nilisema: huyu mtulivu ndiye mwenyewe, na yule mwingine ni vazi analolivaa vijana wa tajiri wanapokuja.

Jioni moja ya mwaka 1991 vijana hao walikuja, na mbele yao, mbele ya majirani, bila kuulizwa, kaka alisema kwa sauti kubwa kwamba jiwe liko chini ya figa la tatu. Wakachimba. Lilikuwako, limefungwa katika kipande cha khanga, dogo kama punje ya mtama. Wakaenda nalo. Asubuhi yake aliamka akiwa mmoja wa wale watulivu. Alinawa, akaenda jikoni, akaliona shimo. Akauliza ni nani aliyechimba hapa. Mama akamwambia: “Ni wewe mwenyewe uliyesema, baba.” Akakaa chini kwenye majivu.

Nilikuwako. Nilimwona amekaa. Na hata hapo nilimwambia mke wangu kuwa anajifanya hakumbuki.

Ndiyo maana swali la yule msichana lilinifunga mdomo. Sisemi kuwa kaka yangu ni Kinjeketile. Kaka aliiba, na mgonjwa anaweza kuwa mwizi, mambo haya mawili hayakatazani. Hilo peke yake lilinichukua miaka kulielewa. Lakini niliporudi nyumbani siku ile nilikisoma kitabu upya, na nikaona kwamba nilikuwa nimekisoma kichwa chini miguu juu.

Hussein hatupi ushahidi wa mtoni. Tunaona watu wakingoja, tunamwona anatoka, lakini kilichotokea ndani ya maji hakionyeshwi, na mwandishi stadi kama yeye angeweza kutuonyesha, au kumfanya Kinjeketile atusimulie akiwa peke yake. Hakufanya hivyo. Alichotuonyesha ni mtu anayeambiwa na wenzake kile alichokisema. Yaani shahidi pekee wa kupagawa kwa Kinjeketile hakuwako kupagawa kulipotokea. Ukimwuliza “ulijifanya?” hana la kukujibu, kama vile wewe huwezi kuniambia uliota nini usiku ulioukoroma wote. Neno la Seyyid Said linaondoa uwezekano wa uongo wa kupangwa, lakini halithibitishi kwamba Hongo yupo. Linatuacha na mtu aliyesemwa, sijui nitumie neno gani jingine, mtu ambaye alisemwa.

Lugha yetu imelijua jambo hili kabla ya wahakiki. Tunasema fulani amepandwa na shetani, na hapo fulani ni mtendwa. Lakini tunasema vilevile kwamba fulani amepandisha mashetani, na hapo fulani ndiye mtendaji, ndiye aliyemfanya shetani apande. Na mwenye kusema hivyo hana maana kwamba fulani ni mwongo. Kwenye ngoma za pepo mtu anakwenda kwa miguu yake, anajua wimbo gani utamwinua, anasubiri ngoma ifike pale, na bado anapoinuka haigizi. Yule anayetaka kujua kama amepandwa ama amepandisha hajawahi kuhudhuria ngoma. Hussein alilirudia jambo hili miaka miwili baadaye, mwaka 1971, katika Mashetani: Juma na Kitaru wanaigiza mchezo wa shetani na binadamu, mchezo mtupu wa vijana wasomi, na Kitaru anatoka mchezoni akiwa mgonjwa. Nadhani mtu aliyeandika tamthilia zote mbili alijua vizuri kwamba kati ya kuigiza na kushikwa hakuna ukuta wa mawe, pengine ni boma la minyaa tu, ambalo mbuzi hupita.

Lakini sehemu iliyonichoma ni ile inayofuata. Kinjeketile akiwa timamu anatia shaka. Anataka watu wajifunze kwanza kupigana, anataka vita visubiri. Watu hawataki kusubiri, kwa kuwa wao hawana shaka; neno lake limemzidi kimo, limekwenda mbele, na yeye analifuata nyuma kama mtu anayekimbiza ng'ombe wake mwenyewe katika shamba la jirani. Ikiwa tunamtafuta anayejifanya katika tamthilia hii, tumtafute hapa, baada ya mto. Alipokuwa mwendawazimu hakujifanya kitu. Alipopata akili zake ndipo ilipomlazimu kuigiza, na alichokiigiza hakikuwa wazimu bali uhakika. Ni kinyume kabisa cha Hamlet, ambaye, angalau mwanzoni, ana akili zake na anaigiza kuzikosa.

Mwishoni anakamatwa, anapigwa, anaambiwa akane: aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo. Rafiki yake Kitunda anamsihi. Anakataa, kwa hoja kwamba watoto wetu watalisikia neno hilo na watadhani kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Wapo wanaoona kuwa hapa amerudia imani yake. Mimi siamini hivyo. Naona mtu asiyejua kama maji yalikuwa kweli, na anayekataa kutamka kwamba anajua kuwa yalikuwa uongo. Adui anamtaka aigize uhakika kwa mara ya pili, safari hii kwa upande mwingine, na hilo ndilo asilokubali. Kuna wakati nafikiri ni ushujaa mkubwa kuliko wa wale waliokwenda mbele ya bunduki wakiwa wameamini. Kuna wakati, hasa nikikumbuka wangapi walikufa kwa kuyaamini maji yale, hukasirika naye. Watu wengi mno walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, na hoja ya watoto wa kesho ni hoja ghali. Sijawahi kulimaliza jambo hili darasani, na waliofaulu mtihani walifaulu kwa dhamira na ujumbe kama kawaida.

Kuhusu mimi, hesabu ilikuwa nyepesi zaidi. Nilidai kwamba kaka anajifanya kwa ajili ya jiwe. Jiwe lilichukuliwa mwaka 1991. Tangu siku hiyo hapakuwa na tajiri mlangoni, hapakuwa na kitu cha kuficha, na usiku wa kokoto uliendelea. Nilikuwa sina tena hata sababu moja, na niliendelea kusema, kwa miaka miwili, kwa sauti ile ile, kwa kuwa nilikwisha kusema mbele ya watu. Na zile siku zake nzuri, za kuoga na kufagia na kuwaamkia wazee, nilizozihesabu kuwa ndizo uso wake halisi: nilipomtazama vizuri wiki ile niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso wakati anatoa salamu, chini ya kivuli, asubuhi ya baridi.

Jumapili nilikaa naye kwenye benchi nikamsomea kurasa za mtoni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika pale Kinjeketile anapotoka, aliniuliza kama nguo zilikuwa kavu. Nikamwambia zilikuwa kavu. Akafikiri kidogo, akauliza tena: “Na walimpa chakula kwanza, au walimwuliza kwanza?”

Alhamisi yule msichana alinikosa darasani. Niliomba ruhusa ya wiki moja kwa mkuu wa shule, nikauza debe nne za mpunga, na mama akatufungia matobolwa kwenye kitambaa. Kwenye stesheni ya Shinyanga, tukingoja treni ya kwenda Tabora na Dodoma, nilimpa tikiti yake aishike mwenyewe. Aliitazama pande zote mbili, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia.